Waamishi wa riwayani na Waamishi wa Lancaster

Katika kaunti ya Lancaster, jimboni Pennsylvania, Marekani, wanaishi Waamishi, Wakristo wanaoshika maisha ya kale na kusafiri kwa vigari vya farasi. Kwa desturi yao ya zamani msichana wa Kiamishi hahudhurii ibada ya Jumapili ambayo ndoa yake inatangazwa. Hubaki nyumbani kwa wazazi wake akipika, na mchumba wake, akishamsikia shemasi akiyataja majina yao mbele ya washirika, hutoka kabla ya wimbo wa mwisho, hupanda kigari chake cha farasi na kumfuata. Mpaka siku hiyo uchumba wao ni siri, au angalau majirani wamekubaliana kujifanya kuwa hawajui, na harusi yenyewe imebakiza wiki chache tu. Nimesoma riwaya za mapenzi zinazowahusu Waamishi kwa miaka mingi, kwa kuzipenda, na kila ninapoifikiria desturi hii nashangaa kwa nini waandishi wengi huipita mbio kuelekea kwenye busu la ghalani, wakati ndani yake kuna karibu kila kinachohitajiwa na hadithi ya mapenzi: siri, kungoja, jamii nzima ikishuhudia, na watu wawili wanaokutana jikoni bila maneno mengi ya kuambiana.

Wasomaji wa riwaya hizi, wanapozisifu kuwa zina uhalisia, mara nyingi husifu vitu. Husifu kofia nyeupe ya kike iliyopigwa pasi vizuri, gauni linalofungwa kwa pini badala ya vifungo, taa ya mafuta, mkate wa nyumbani, na seleri inayopandwa kwa wingi bustanini mwa mama mwenye binti anayetarajia kuolewa msimu huo, kwa sababu katika harusi za Lancaster seleri hupikwa, huliwa mbichi na hata kuwekwa mezani kama pambo. Vitu hivyo ni vya kweli. Lakini kwa maoni yangu uhalisia wa riwaya ya mapenzi hupimwa kwa moyo wa wahusika: wanaogopa nini, wanaona haya kwa jambo gani, wanasali vipi, wanaamua mambo wakiwa na nani akilini. Hapo ndipo riwaya nyingi za aina hii zinapomvika msichana mwingine kabisa nguo za Kiamishi.

Historia ya aina hii ya uandishi inaeleza sehemu ya tatizo. Hadithi kuhusu Waamishi zilikuwapo tangu mwanzo wa karne ya 20, ila wimbi la sasa huhesabiwa kuwa lilianza mwaka 1997, Beverly Lewis alipochapisha The Shunning, riwaya iliyochota kutoka katika maisha ya bibi yake mzaa mama aliyeiacha jamii ya Wamennonite wa mfumo wa kale, dhehebu lenye undugu na Waamishi. Kufikia mwaka 2012, kwa hesabu ya mtafiti Valerie Weaver-Zercher, riwaya mpya ya mapenzi ya Waamishi ilikuwa ikitoka takribani kila siku 4. Wachapishaji wakubwa wa vitabu hivyo ni mashirika ya Wakristo wa kiinjili, yaani wale wanaokazia wokovu wa mtu binafsi, waandishi wengi ni wainjili, na wasomaji wengi ni wanawake wa makanisa hayohayo. Sioni ubaya wowote katika hilo. Hata hivyo, ni lazima likumbukwe, kwa maana kanisa la mwandishi huingia katika kifua cha mhusika hata pale mwandishi alipofanya utafiti wa dhati.

Makosa madogo nitayataja kwa haraka, kwa sababu wasomaji wengine wamekwisha kuyaandika sana. Katika Lancaster familia nyingi huitwa Stoltzfus, King, Fisher, Beiler au Lapp, ilhali Miller, Yoder na Troyer ni majina ya kaunti ya Holmes, jimboni Ohio. Mwandishi anayeijaza Lancaster akina Troyer huonyesha kwamba hajawahi kusoma majina kwenye masanduku ya barua ya barabara za huko. Vigari vya Lancaster ni vya kijivu na vya Holmes ni vyeusi, na katika bonde la Big Valley, Pennsylvania, yako makundi yanayotumia vyeupe na vya manjano. Mwanamume wa Lancaster hufuga ndevu baada ya kuoa, kwa hiyo kijana mchumba mwenye ndevu ndefu atamshangaza kila Mwamishi wa eneo hilo. Mambo haya hurekebishwa kwa alasiri moja ya kusoma, na mimi humsamehe mwandishi akiyakosea.

Kosa nisiloweza kulisamehe kirahisi ni lile linaloharibu mhimili wa hadithi, nalo linahusu kutengwa. Katika riwaya nyingi msichana wa miaka 17 humpenda kijana wa nje ya jamii, au hutamani kusoma chuo, na hofu inayoisukuma hadithi ni kwamba akiondoka baba yake hatakula naye meza moja tena. Lakini Waamishi ni Waanabaptisti. Wao humbatiza mtu aliyefikia umri wa kuchagua, kwa kawaida kati ya miaka 18 na 22, na nidhamu ya kutengwa humhusu yule aliyepiga magoti, akaahidi mbele ya Mungu na kanisa, kisha akaivunja ahadi hiyo. Kijana asiyebatizwa akiondoka atawahuzunisha wazazi, pengine watalia, pengine watamwandikia barua za kumsihi, lakini hajavunja kiapo na hatengwi. Tena ndoa hufungwa kati ya waliobatizwa tu. Maana yake ni kwamba msichana wa Kiamishi aliyempenda kijana wa kwao hukabiliwa na swali kubwa kuliko lile la kumkubali au kumkataa: je, yuko tayari kuingia katika agano la kanisa ambalo hawezi kulitoka bila kupoteza karibu kila mtu anayempenda? Kijana wake naye anakabiliwa na swali hilohilo. Je, ikiwa mmoja yuko tayari na mwenzake bado? Ikiwa mmoja anabatizwa kwa sababu tu ya kumpata mwenzake, na anajua hivyo, na anaogopa kwamba Mungu pia anajua? Hapo pana riwaya nzima, na ya kweli, bila haja ya mgeni kutoka mjini mwenye gari jekundu.

Pengine jambo hili linanigusa kwa sababu nililelewa mkoani Mara, katika Kanisa la Mennonite Tanzania, ambalo lilianzishwa Shirati mwaka 1934 na wamisionari waliotumwa kutoka Lancaster hiyohiyo. Wamennonite na Waamishi ni ndugu waliogawanyika mwaka 1693 huko Uswisi na Alsace, wakati mzee wa kanisa Jakob Ammann alipodai, pamoja na mambo mengine, kwamba waliotengwa waepukwe pia katika maisha ya kila siku. Kwetu nidhamu haikufikia ukali huo, lakini aliyekulia katika makanisa yetu, yawe ya Mennonite, ya Kilutheri au ya African Inland, anajua maana ya mtu kutengwa na siku ya kurudi kundini. Nimewaona wazee wakisimama mbele kwa ajili ya jambo hilo. Nimewaona mabinti wakikaa benchi la nyuma kwa miezi kadhaa bila kuinua uso, na mama zao wakiendelea kuwapakulia chakula nyumbani kama kawaida, bila kusema neno. Anayejua hali hiyo hawezi kuridhika na riwaya inayomfanya askofu kuwa jitu katili na kutengwa kuwa kisasi. Katika hali halisi wanaotenga mara nyingi ni watu wanaompenda aliyetengwa na wanaoamini kwamba wanamvuta arudi, na ndiyo maana jambo lenyewe huuma pande zote mbili.

Nije sasa kwenye sala. Mhusika mkuu wa riwaya ya Kiamishi, takribani kila mara, husali kwa maneno yake mwenyewe, kwa urefu, akimweleza Mungu hisia zake kama anavyomweleza rafiki. Kabla ya sura ya mwisho huwa amegundua kwamba kanuni za jamii yake haziwezi kumwokoa, amempokea Yesu kuwa mwokozi wake binafsi na amepata uhakika wa wokovu. Msomaji wa Afrika Mashariki huipokea safari hii bila mshangao. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipowafikia Wamennonite wa Mara katika miaka ya 1940, ushuhuda wa kusema wazi kwamba nimeokoka ukawa lugha ya kanisa letu pia, na mimi mwenyewe ni mtoto wa lugha hiyo. Lakini si lugha ya Waamishi wa mfumo wa kale. Kwao kudai kwamba una uhakika wa kwenda mbinguni kunakaribia sana kiburi, kwa sababu hukumu ni ya Mungu peke yake. Wao huzungumza juu ya tumaini lenye uzima, na imani yao huonekana zaidi katika kujikabidhi, katika ile tabia ya kuinamisha nia yako mbele ya Mungu na mbele ya ndugu, ambayo katika Kijerumani chao huitwa Gelassenheit. Mezani husali kimya, kabla ya kula na baada ya kula, baba akionyesha kwa ishara ndogo kwamba sala imekwisha. Jioni baba husoma sala kutoka katika kitabu cha zamani cha Kijerumani, familia ikiwa imepiga magoti. Sala ya Bwana hupendwa kuliko sala za kubuni, kwa kuwa mtu hawezi kuitumia kujionyesha.

Mwandishi wa kiinjili, hata akiwa na nia njema kabisa, huusoma ukimya huo kama ukavu wa roho, na huona kwamba kumtendea wema mhusika wake ni kumtoa humo. Mimi naona hapo ndipo uhalisia unapopotea zaidi, kuliko katika rangi za vigari na majina ya ukoo. Riwaya yenye uhalisia ingetuonyesha msichana mwenye hisia kali aliyefundishwa tangu utotoni kwamba hisia kali hazitangazwi. Ambaye akimpenda mtu hatamwambia hata dada yake. Ambaye anapoamua jambo hajiulizi kwanza moyo wake unataka nini, bali anajiuliza jambo hilo litamletea nini mama yake, mtaa wake wa kanisa na watoto atakaowazaa. Huyo si mtu asiye na nafsi. Nafsi yake iko mahali pengine, na kazi ya mwandishi ni kuifuata huko iliko. Sisi tuliokua katika koo kubwa, ambako posa hupelekwa na mshenga na mahari huzungumzwa na wajomba huku wahusika wawili wakiwa hawapo, tunaujua upendo wa namna hii na tunajua kwamba si upendo mdogo. Waamishi nao, kwa desturi yao ya kale, walimtumia shemasi kama mshenga: alikwenda kwa siri nyumbani kwa msichana kuhakikisha kwamba yeye na wazazi wake wamekubali.

Kuna tukio moja ninalotamani sana kuliona likiandikwa kikamilifu. Waamishi hawana chuo cha wachungaji. Kila mtaa wa kanisa, wenye familia kati ya 20 na 40, unapohitaji mhubiri mpya, washirika wote, wanaume kwa wanawake, hupita mmoja mmoja na kunong'ona jina la mwanamume aliyeoa wanayemwona anafaa. Waliopata kura za kutosha huketi kwenye benchi mbele ya vitabu vya nyimbo vilivyopangwa mezani, idadi sawa na wao, na ndani ya kitabu kimoja kuna karatasi yenye mstari wa Biblia. Kila mmoja huchukua kitabu. Askofu huvifungua kimoja baada ya kingine, na atakayekutwa na karatasi huwekewa mikono papo hapo, awe mhubiri maisha yake yote, bila mshahara, bila mafunzo, huku akiendelea na shamba au karakana yake. Kila kijana aliyebatizwa alikwisha kuahidi kwamba kura ikimwangukia hatakataa. Mke wake amekaa upande wa wanawake akitazama mikono ya askofu, na inasemekana ni kawaida kilio kusikika ibadani humo, maana familia inajua mzigo uliowashukia. Riwaya ya mapenzi kwa kawaida huishia harusini. Lakini mwandishi angeanza na wenzi waliooana miaka minne iliyopita, wanaopendana kwa ucheshi na utani, kisha karatasi ile ikaangukia kitabu cha mume, tungejifunza juu ya ndoa ya Kiamishi mambo ambayo uchumba kumi wa ghalani hauwezi kutufundisha.

Jambo jingine linalokosekana ni fedha. Kijana wa riwayani huwa mkulima, fundi seremala au mhunzi, na ardhi ipo tu, kama hewa. Kwa kweli Waamishi huongezeka maradufu kwa takribani kila miaka 20, wamekwisha kufikia watu wapatao 400,000, na ardhi ya Lancaster ni ya bei ambayo kijana wa kawaida hawezi kuifikia. Wengi wa wanaume wao leo hawaishi kwa kilimo. Wanajenga nyumba, wanaendesha karakana za samani, na kaskazini mwa Indiana maelfu wao wameajiriwa katika viwanda vinavyounda magari ya kutalii yenye vyumba vya kulala. Baadhi ya familia huhamia majimbo ya mbali, kama Kentucky, Wisconsin au New York, kutafuta mashamba ya bei nafuu, na hapo binti anayeolewa huachana na dada zake kwa umbali ambao farasi hauwezi. Je, si hili ndilo swali ambalo wachumba wawili wangelizungumza usiku wa Jumapili, wakirudi kutoka kwenye mkusanyiko wa vijana wa kuimba: tutaishi wapi, na kwa kazi gani?

Pamoja na fedha huja magonjwa. Waamishi wanatokana na wahamiaji wachache wa karne ya 18, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, na kwa hiyo baadhi ya magonjwa ya kurithi yanawapata kuliko watu wengine. Mwaka 1989 daktari Holmes Morton alianzisha Clinic for Special Children, huko Strasburg, Pennsylvania, hasa kwa ajili ya watoto wa Waamishi na Wamennonite. Mojawapo ya magonjwa hayo humfanya mtoto anayeonekana mzima aweze kuumia vibaya ubongo kwa sababu ya homa ya kawaida, mwili wake ukiwa haumudu kuchakata sehemu fulani za protini. Wengi wao hawana bima ya biashara. Gharama hubebwa na familia, mfuko wa kanisa na minada ya hisani ambako mablanketi yaliyoshonwa kwa mkono huuzwa. Wenzi wanaojua kwamba mtoto wao wa tatu anaweza kuzaliwa na ugonjwa uliomwondoa wa kwanza, na wanaendelea kupendana, wanastahili kitabu.

Liko pia jambo zito zaidi, na sitalizunguka. Riwaya hizi hupenda sana msamaha, hasa tangu tarehe 2 Oktoba 2006, wakati mtu mwenye silaha alipoingia katika shule ya Nickel Mines akawapiga risasi wasichana 10, watano wakafa, na siku hiyohiyo Waamishi wakaenda kuifariji familia ya muuaji. Tendo lile liliushangaza ulimwengu, na lilikuwa la kweli. Lakini msamaha huohuo, unapotumika ndani ya nyumba dhidi ya mtoto aliyedhulumiwa kingono na ndugu yake, umewaumiza watu. Kesi za namna hiyo zimefika mahakamani, na mkondo wake unafanana: mkosaji hukiri mbele ya kanisa, hutengwa kwa wiki 6, hurudishwa, kisha jambo hilo halipaswi kutajwa tena, na aliyeumizwa anapoendelea kulia huonekana kuwa ndiye asiyesamehe. Sisemi kwamba kila riwaya ya mapenzi ilibebe hilo. Ninasema kwamba mwandishi anayeutumia msamaha kama marashi ya sura ya mwisho, bila kumwonyesha anayeulipia, ameficha nusu ya ukweli wa watu hawa, na miongoni mwa wasomaji wake wamo waliopitia mambo kama hayo katika makanisa yao wenyewe.

Nimewasikia wanaosema kwamba yote haya ni kudai kisichodaiwa, kwa kuwa riwaya ya mapenzi ina mkataba wake na msomaji, na mkataba huo ni furaha mwishoni. Nakubaliana na mkataba. Waamishi wenyewe hawana talaka, harusi zao huwakusanya watu kwa mamia, na asubuhi ya siku inayofuata maharusi wa Lancaster huamka nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi na kusaidia kufua na kuosha vyombo. Furaha ipo na haihitaji kubuniwa. Tena Weaver-Zercher, katika utafiti wake alioutoa mwaka 2013, aliwakuta wanawake wa Kiamishi wanaozisoma riwaya hizi, baadhi kwa kuzifurahia na baadhi kwa kuzikosoa. Najiuliza wanaionaje picha ya jaladani, mwanamitindo mwenye kofia yao akimtazama msomaji usoni, wakati wengi wao wamefundishwa kutokaa kupigwa picha kwa sababu ya amri ya Kutoka 20 inayokataza sanamu.

Kitabu kinachonithibitishia kwamba jambo hili linawezekana ni cha zamani. Joseph Yoder, aliyelelewa na Waamishi wa Big Valley kisha akawa mwalimu wa muziki, alichapisha mwaka 1940 Rosanna of the Amish, kwa kuwa alichoshwa na jinsi vitabu vya wakati wake vilivyowachora watu wake kama wajinga wakali. Ni hadithi ya mama yake, mtoto wa Wakatoliki wa Ireland aliyebaki bila mama akiwa mchanga, akalelewa na mwanamke wa Kiamishi, akabatizwa na kuolewa humo. Kwa muhtasari tu, yaani yatima wa kigeni katika nyumba ya Waamishi, kisa hicho kingeonekana kuwa kimebuniwa kwa ajili ya rafu za leo. Ukikisoma utaona mwandishi hana haraka na mshangao wake. Anakaa kwenye namna ibada inavyoendeshwa, harusi inavyopikwa, kazi za shamba zinavyogawanywa na vijana wanavyotazamana, na Rosanna anakuwa Mwamishi polepole, kwa kazi za kila siku na kwa kupendwa na waliomlea, bila hotuba hata moja ya kutueleza kwamba sasa amekuwa.